Tripu ya Pili: Hesabu ya Gari la Taka

Dampo la Pugu Kinyamwezi liko umbali wa kama kilomita 30 kutoka katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Taka za jiji hazikuanzia huko. Zilikuwa zikimwagwa Tabata, mpaka wakazi wa Tabata walipoishitaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 wakashinda kesi. Baadaye zikapelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu. Kwa watu waliokuwa wakiishi na moshi na nzi mlangoni, kuhama huko kulikuwa haki yao. Lakini kila dampo liliposogea nje ya jiji, kila lori liliongezewa kilomita za kwenda na kilomita za kurudi, na katika kilomita hizo halizoi hata ganda moja la ndizi.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kila mmoja wao anatupa kitu leo, na kesho atatupa tena. Mazungumzo kuhusu taka hizo karibu yote huishia pale pale: magari hayatoshi, yanunuliwe mengine. Huenda kweli hayatoshi. Ila kuna hesabu inayotangulia ununuzi, nayo ni hesabu yenye historia ndefu, yenye uzuri wake, ambayo mtu aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuifuata hatua kwa hatua. Tuifanye pole pole, tukianza na lori moja kwa siku moja.

Tuseme dereva anaondoka gereji saa 12 asubuhi na kazi inakwisha saa 10 jioni. Hizo ni saa kumi, yaani dakika 600. Siku yake ina vipande vinne vinavyojirudia: kuzoa mpaka lori lijae, kwenda dampo, kusubiri zamu na kumwaga, kisha kurudi mtaani. Tuchukue tarakimu za mfano: kuzoa dakika 150, kwenda dakika 75, kusubiri na kumwaga dakika 30, kurudi dakika 75. Jumla ni dakika 330. Hiyo ndiyo tripu moja.

Tripu mbili zinataka dakika 660, na siku ina 600. Kwa hiyo lori linapiga tripu moja. Dakika 270 zinazobaki haziwezi kuzaa tripu nyingine. Ama lori linaegeshwa mchana, ama linaanza kuzoa na kulala na taka tumboni, maji machafu yakidondoka gereji usiku kucha.

Sasa tupunguze. Ukiokoa dakika 10 katika kila tripu, unapata dakika 320, na tripu mbili bado ni 640. Umeokoa muda, lakini taka zilizofika dampo ni zile zile. Ukiokoa 20, bado. Ukiokoa 30, tripu inakuwa dakika 300, mbili zinaingia ndani ya siku bila kubakiza hata dakika, na lori lile lile, kwa dereva yule yule, linabeba taka maradufu.

Naomba msomaji akae hapa kidogo, kwa sababu watu wengi hulipita jambo hili bila kuliona. Tripu haigawanyiki. Faida ya mpango mzuri haiji kidogo kidogo kama maji ya bomba. Inakaa kimya, kisha inaruka. Ofisa anayejaribu mpango mpya, akaokoa dakika 25 asione tofauti yoyote kwenye mizani ya dampo, ataandika ripoti kwamba mpango umeshindwa, kumbe zimebaki dakika 5. Kinyume chake nacho ni kweli, tena kinaumiza zaidi. Mkandarasi anayepiga tripu mbili za dakika 300 yuko ukingoni kabisa. Barabara moja ikichimbwa, au masika yakigeuza njia ya dampo kuwa tope, tripu inafika dakika 310 na ya pili inakufa. Wakazi wataona taka zimerundikana mara mbili kwa ghafla na watasema amekuwa mvivu, ilhali kilichobadilika ni dakika kumi.

Dakika 30 hizo zitatoka wapi? Umbali wa Pugu haubadiliki. Chanzo cha kwanza ni foleni ya dampo. Tuseme malori kumi yanaanza kazi saa moja, yanajaa karibu wakati mmoja na kufika kwenye mizani pamoja, na kila moja linachukua dakika 6 kupima na kumwaga. La kwanza halisubiri, la pili linasubiri dakika 6, la tatu 12, mpaka la kumi linalosubiri 54. Jumlisha zote: dakika 270, wastani wa 27 kwa kila lori. Waambie madereva hao hao waanze kazi kwa kupishana dakika 6, na kama kila kitu kitakwenda kama kilivyopangwa hakuna atakayesubiri. Mjini mambo hayaendi sawasawa hivyo, lakini hata nusu ya dakika hizo ni kubwa, na gharama yake ni ratiba iliyobandikwa ukutani.

Chanzo cha pili ni mitaa yenyewe. Hapo hesabu inakuwa nzuri kweli.

Witiri na shufwa

Lori linalozoa nyumba kwa nyumba halitembelei vituo. Linatembelea barabara. Kila kipande cha mtaa lazima kipitwe, maana kila kipande kina milango. Swali ni hili: je, lori linaweza kuanzia mahali fulani, likapita kila kipande mara moja tu, na kurudi lilipoanzia? Kila likirudia kipande lilichokwisha kukizoa, linachoma dizeli na kula muda bure.

Swali hili lina umri wa karibu miaka mia tatu. Mwaka 1736 mwanahisabati Leonhard Euler alilijibu kwa ajili ya mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Mji ule ulikuwa na madaraja saba juu ya mto Pregel, na watu walikuwa wakijiuliza kama mtu anaweza kuyavuka yote mara moja moja. Euler hakujaribu njia zote. Alitazama jambo moja tu: kinachotokea kila unapopita mahali.

Simama kwenye makutano ya barabara. Kila lori likiingia, lazima litoke. Kila kupita kunatumia vipande viwili, kimoja cha kuingilia na kimoja cha kutokea. Kwa hiyo, kama vipande vyote vinapitwa mara moja moja na lori linarudi lilipoanza, idadi ya vipande vinavyokutana kwenye makutano hayo lazima iwe shufwa: 2, 4, 6. Makutano yenye idadi witiri, kama vipande 3, yanaleta shida. Lori litaingia kwa cha kwanza, litatoka kwa cha pili, litaingia tena kwa cha tatu, na hapo litakwama. Kutoka, lazima lirudie kipande lilichokwisha kukipita. Königsberg ilikuwa na sehemu nne za nchi kavu, na zote nne zilikuwa na idadi witiri ya madaraja. Matembezi yale hayakuwezekana, na hakuna aliyehitaji kuvaa viatu ili kulithibitisha hilo.

Kuna jambo la ziada ambalo litatufaa. Kila kipande cha barabara kina ncha mbili. Ukihesabu ncha zote katika makutano yote, jumla lazima iwe shufwa, kwa sababu umehesabu kila kipande mara mbili. Basi makutano ya witiri hayawezi kuwa matatu, wala matano, wala saba. Daima idadi yao ni shufwa, na kwa hiyo daima yanaweza kupangwa mawili mawili.

Mwaka 1960 mwanahisabati wa China, Guan Meigu, aliuliza swali lililobaki: kama kurudia hakuepukiki, turudie wapi ili turudie kidogo kabisa? Yeye alimfikiria tarishi anayepeleka barua. Jibu la swali hilo ni kuoanisha makutano ya witiri, kila moja na mwenzake, kwa namna inayofanya jumla ya umbali kati yao iwe ndogo kuliko zote. Kurudia vipande vya kati ya kila jozi kunaongeza kipande kimoja kwa kila witiri, nayo yanageuka shufwa. Baada ya hapo njia ya Euler inapatikana.

Tujaribu kwa mitaa iliyonyooka, kama ile ya Kariakoo. Chora mraba wa vitalu tisa, vitatu kwa vitatu. Una barabara nne za kulala na nne za kusimama, makutano 16, na vipande 24. Tuseme kila kipande ni mita 100, na tuache kwanza habari ya njia za upande mmoja. Taka zote ziko kwenye mita 2,400.

Dereva mwangalifu, mwenye moyo wa kazi, angefanyaje? Wengi wangepita barabara za kulala moja baada ya nyingine, kwenda na kurudi kwa kupinda pembeni, kisha zile za kusimama kwa namna hiyo hiyo. Inaonekana nadhifu. Hesabu: barabara nne za kulala ni vipande 12, na kupinda mara tatu ni vipande 3, jumla 15. Za kusimama nazo 15. Amefika vipande 30 na yuko kona iliyo mkabala na alikoanzia, hivyo kurudi ni vipande 6. Jumla 36, yaani mita 3,600. Mita 1,200 ni za bure.

Sasa tumia njia hiyo ya kuoanisha. Makutano manne ya kona yana vipande 2 kila moja, na manne ya ndani yana 4. Yote ni shufwa. Yaliyobaki ni manane ya pembeni, mawili kila upande wa mraba, yenye vipande 3. Haya ndiyo witiri. Kwa bahati nzuri, kila upande yale mawili ni majirani. Yaoanishe: jozi nne, kipande kimoja kila jozi, jumla vipande 4 vya kurudia. Njia nzima ni vipande 28, mita 2,800.

Je, inawezekana kupunguza zaidi? Haiwezekani, na uthibitisho wake ni mfupi. Witiri nane zinataka jozi nne, na hakuna jozi inayoweza kugharimu chini ya kipande kimoja. Kwa hiyo chini ya 4 hakufikiki kamwe. Tunajua kiwango ambacho hakuna atakayekivunja, na tumekifikia. Hatukulinganisha njia elfu moja ili kujua hivyo. Kwangu mimi hiki ndicho kilele cha somo hili, kwamba mtu anaweza kuwa na uhakika juu ya njia ambazo hajawahi kuzijaribu.

Mita 800 zilizookolewa kwenye vitalu tisa ni chache. Lakini lori la taka haliendi kwa mwendo wa gari la kawaida. Linakwenda hatua kwa hatua katikati ya maduka, bodaboda na mikokoteni, na mita 800 za Kariakoo saa tano asubuhi zinaweza kula sehemu nzuri ya dakika 30 tunazozitafuta. Barabara pana zina hesabu yake. Kama wapakiaji hawawezi kuvuka salama, lori lazima lizoe upande mmoja kisha mwingine, kila kipande kinahesabika mara mbili, na makutano yote yanageuka shufwa yenyewe. Njia za upande mmoja nazo zinataka vipande vinavyoingia kwenye makutano vilingane na vinavyotoka. Kanuni haibadiliki, ni ile ile kwamba anayeingia atoke.

Lori lisipoingia

Manzese, Tandale, Vingunguti, na sehemu kubwa ya miji yetu iliyojengwa bila kupimwa, lori haliingii. Guta na mikokoteni huchukua taka kwenye vichochoro na kuzileta mahali pa kukusanyia: kizimba, kontena, au ukingo tu wa barabara. Hapo lori halitembelei tena mitaa, linatembelea vituo. Tatizo linabadilika sura, tena linakuwa gumu kupita kiasi.

Ukiwa na vituo 10, unaweza kuvipanga kwa namna 3,628,800. Kompyuta inayokagua mpangilio milioni moja kwa sekunde inamaliza kabla hujavuta pumzi ya pili. Vituo 15 vinatoa mpangilio zaidi ya trilioni 1.3, na kompyuta hiyo hiyo itafanya kazi kwa siku 15. Vituo 20 vitaichukua zaidi ya miaka 77,000. Na vituo 20 ni kata moja au mbili tu.

Mwaka 1954 George Dantzig, Ray Fulkerson na Selmer Johnson, wa taasisi ya RAND ya Marekani, walitoa njia fupi ya kupita miji 49 ya nchi yao na kuthibitisha kwamba hakuna iliyo fupi zaidi. Mantiki yao ni ndugu ya ile tuliyoitumia kwenye mraba wetu: tafuta kiwango ambacho hakuna njia inayoweza kukivunja, kisha tafuta njia inayokigusa. Kwa miji mingi kazi hiyo ni nzito, lakini inawezekana bila kuhesabu kila kitu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1959, Dantzig na John Ramser waliandika juu ya malori ya petroli yanayotoka bohari kwenda vituo vya mafuta, kila lori likiwa na ujazo wake. Hapo lilizaliwa tatizo la malori mengi, ambalo mpaka leo vyuo vikuu vinalisoma.

Njia rahisi ya kulishughulikia ilitolewa mwaka 1964 na Clarke na Wright, na inafaa kuijua kwa sababu inafanyika kwa kalamu. Anza na mpango mbaya kuliko yote: kila kituo kinapata safari yake, kutoka dampo na kurudi dampo. Kisha jiulize, nikiunganisha vituo viwili katika safari moja, nitaokoa nini? Ulikuwa unakwenda na kurudi kwa kila kimoja. Sasa unakwenda cha kwanza, unapita cha pili, unarudi. Umeondoa urefu mmoja wa cha kwanza na urefu mmoja wa cha pili, umeongeza umbali kati yao. Akiba ni jumla ya umbali wa vituo vyote viwili kutoka dampo, ukitoa umbali kati yao.

Vituo viwili vilivyo kilomita 25 kutoka dampo na kilomita 2 kutoka kimoja hadi kingine, akiba ni 25 na 25 kutoa 2, yaani kilomita 48. Viwili vilivyo kilomita 6 kutoka dampo, navyo vimepishana kilomita 2, akiba ni 10 tu. Kwa hiyo kalamu inakwambia uanze na walio mbali. Unganisha kwanza vituo vya mbali vilivyo jirani, shuka mpaka lori lijae, halafu anza safari nyingine. Mazoea ya kuanza na vituo vya karibu na kuwaachia wa mbali masalio yanapingana moja kwa moja na hesabu hii.

Neno "lijae" lina uzito. Kituo chenye tani 4 na kingine chenye tani 5 haviingii pamoja katika lori la tani 7, hata vikiwa mlango kwa mlango. Na taka zetu ni nzito. Sehemu kubwa ni mabaki ya chakula, maganda na majani yenye maji, si makaratasi na maboksi makavu. Malori ya kushindilia yalibuniwa kwa taka nyepesi za nchi tajiri. Kwetu lori kama hilo linaweza kufikia uzito wake wa mwisho likiwa halijashindilia chochote cha maana, na siku ya mvua uzito unaongezeka huku ujazo ukiwa ule ule. Tena lori la petroli hutoka limejaa na kurudi tupu, letu ni kinyume. Heri liende mpaka mwisho wa njia likiwa tupu, kisha lizoe likirudi kuelekea dampo, ili mzigo mzito usafiri mwendo mfupi. Tairi na breki zitashukuru.

Ukishapata njia, ichore kwenye ramani uitazame. Kama mistari yake inakatana, kuna nafuu iliyojificha. Tuseme lori linakwenda kutoka A hadi C, na baadaye kutoka B hadi D, na mistari hiyo inakatana katikati, mahali tupaite O. Kutoka A hadi B moja kwa moja ni kufupi kuliko kupitia O, na kutoka C hadi D vivyo hivyo. Jumlisha: AB na CD pamoja ni fupi kuliko AC na BD. Basi ondoa mkato, geuza mwelekeo wa kipande cha kati, na njia imefupika. Mbinu hii ilielezwa na G. A. Croes mwaka 1958, na programu za kisasa bado zinaitumia mamilioni ya mara kwa dakika. Barabara hazinyooki kama mistari ya karatasini, kwa hiyo uichukue kama ishara ya mahali pa kutazama. Mara nyingi ishara hiyo ni ya kweli.

Siku gani?

Katika joto letu, funza wa nzi anaweza kukomaa na kuondoka kwenye taka ndani ya siku nne mpaka saba hivi. Akishaondoka kwenda kujigeuza nzi mahali pakavu, kuzoa taka hakumkamati tena. Kwa hiyo haitoshi kusema tu kwamba taka zinazolewa mara mbili kwa wiki. Jumatatu na Jumanne ni mara mbili, lakini kunaacha siku sita za funza kujistawisha. Jumatatu na Alhamisi kunaacha siku tatu kisha nne. Anayepima kazi ya mkandarasi ahesabu pengo refu kuliko yote, aachane na wastani.

Kwa wiki ya siku sita za kazi kuna mgawanyo mzuri: kundi la kwanza la mitaa lizolewe Jumatatu na Alhamisi, la pili Jumanne na Ijumaa, la tatu Jumatano na Jumamosi. Yote yana mapengo ya siku tatu na nne. Sasa chukua mtaa unaozalisha tani 14 kwa wiki, tani 2 kila siku. Mara mbili kwa wiki, wastani ni tani 7, na lori ni la tani 7. Inaonekana imekaa sawa kabisa. Lakini Alhamisi kuna taka za siku tatu, tani 6, na Jumatatu kuna za siku nne, tani 8. Kila Jumatatu tani moja inabaki barabarani.

Ndiyo maana katika mpango wa namna hii taka hujaa mwanzoni mwa wiki. Jumatatu, Jumanne na Jumatano zote ni siku za baada ya pengo refu, na siku tatu za mwisho wa wiki ni nyepesi. Mtaa wa lori la tani 7 lazima upangwe kwa tani 12.25 kwa wiki, kwa sababu sehemu nne kati ya saba za hizo ni tani 7 kamili. Na matengenezo ya malori yafanyike kuanzia Alhamisi mpaka Jumamosi. Gereji inayovua tairi Jumatatu inavua tripu.

New York ilikutana na swali la siku mapema. Katika miaka ya 1970 wanahisabati walilifanyia kazi pamoja na idara ya usafi ya jiji hilo. Beltrami na Bodin walichapisha mwaka 1974 njia za kupanga magari ya taka, na Alan Tucker alionyesha kwamba kugawa njia kwa siku ni sawa na kupaka nukta rangi. Njia mbili zinazogusa kituo kimoja haziruhusiwi rangi moja, na rangi ziko sita, moja kwa kila siku ya kazi. Mtu anayekaa na kalamu za rangi mbele ya ramani ya kata anafanya hisabati ya kweli.

Jambo la mwisho ambalo hesabu hailiamui yenyewe ni lengo. Ukiiambia kompyuta ipunguze kilomita tu, itakuwa tayari kuacha nyumba ya mwisho wa barabara ya vumbi isizolewe milele, kwa sababu kuiacha ndiyo njia fupi. Mkandarasi anayeishi kwa ada anayokusanya mlango kwa mlango ana kishawishi hicho hicho: mitaa ya karibu inayolipa vizuri kwanza. Kwa hiyo mkataba lazima utamke sharti kabla ya lengo. Kila kituo kizolewe, pengo lisizidi siku nne, kisha ndani ya masharti hayo kilomita zipunguzwe. Naliona hili kuwa suala la haki, si la ufundi, maana taka zisizozolewa bondeni zinaingia kwenye mitaro, mitaro inaziba, na mto Msimbazi unapofurika maji huingia kwenye nyumba za watu ambao mara nyingi ndio gari lilikuwa likiwaruka.

Vifaa vipo. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi kuchora kata zinazofurika, vichochoro na mitaro yake, na ramani hizo yeyote anaweza kuzitumia. Programu za kupanga njia kama VROOM na OR-Tools hazilipiwi. Simu ya dereva inaweza kurekodi lori lilipopita na lilisimama dakika ngapi.

Kinachokosekana mara nyingi ni tarakimu za mwanzo. Ofisa usafi anayesoma makala haya apande lori moja kwa wiki moja na aandike nyakati nne za kila tripu: kuzoa, kwenda, kumwaga, kurudi. Na walimu wa hisabati wa sekondari nawaomba wawatoe wanafunzi wao nje, wachore mitaa ya kata yao, waweke alama kwenye makutano ya witiri, wayaoanishe, na ramani hiyo waipeleke ofisi ya kata.